Laini ya Tatu

Kasulu, 4 Aprili 2013

Mume wangu Nurudini,

Salamu nimezipunguza. Zilizobaki utazipata ukinijibu sawasawa. Mimi mzima, nyumba nzima, cherehani inakwenda.

Najua unapiga simu tangu Jumatatu. Haijaharibika, sitaki tu kuipokea. Ukiwa na neno nami niandikie kwa mkono wako, maana mwandiko wako naujua tangu barua ya posa, herufi zote zimelala upande mmoja. Bazilio dereva anapita hapa kila baada ya siku moja kuja huko Kibondo, mpe yeye. Bahasha uifunge kwa gundi, macho ya Bazilio hayana adabu.

Neno lenyewe ni hili. Jumapili nimekaa nakata gauni la mteja, meseji ikaingia: "Mke wangu simu yangu imezingua natumia laini hii. Ile hela tuma kwenye namba hii hii." Nikajua ni wewe, maana namba mwanzo wake wote ni yako. Nikainuka niende kwa Abdalah wakala nikutumie. Nimefika mlangoni nikatazama mwisho wa namba. Yako inaishia arobaini na moja, yangu arobaini na mbili. Hii inaishia arobaini na tatu.

Unaikumbuka siku tuliyonunua laini? Wiki moja baada ya nikaha, kwenye meza ya yule muuza laini karibu na stendi. Ulisema hutaki hata namba yangu iwe mbali na yako. Mimi nikaona haya, nikaenda kununua maji. Niliporudi mlikuwa mmeshamaliza, kadi yako ya kura imeshatolewa kopi, laini yangu iko mkononi mwako.

Sasa nakuuliza mara moja tu. Nilipokwenda kununua maji, ulinunua laini ngapi? Na ya tatu ulimnunulia nani?

Mimi mkeo,
Swaumu


Kibondo, 8 Aprili 2013

Mke wangu mpenzi Swaumu,

Salamu zangu mimi sizipunguzi, pokea gunia zima. Barua yako imenichekesha dukani mpaka wateja wakanitazama. Mama, hao ni matapeli! Wanatafuta namba inayofanana na ya mtu wako, tarakimu moja tu tofauti, wewe unadhani ni ya mtu wa nyumbani, unatuma. Hapa Kibondo kuna mwalimu katuma ada ya mtoto wake kwa mkuu wa shule, kumbe mkuu wa shule mwenyewe yuko darasani anafundisha, wala hana habari.

Nilinunua laini mbili. Yako na yangu. Naapa kwa Mola wangu namba hiyo siijui na sijawahi kuishika. Wivu wako naujua, na mara nyingine naupenda, lakini huu wa kuonea wivu tarakimu ni mpya.

Sikuja mwisho wa mwezi kwa sababu ya mvua. Barabara huku Busunzu imekatika, malori yamelala siku tatu.

Nakuomba mambo mawili. Usimjibu huyo mtu. Na kama amejitaja jina, au amesema yuko wapi, niandikie upesi. Jina tu linatosha.

Mumeo,
Nurudini Salumu


Kasulu, 12 Aprili 2013

Nurudini,

Barabara imekatika, lakini Bazilio anapita na barua zako zinapita. Basi imekukatikia wewe peke yako.

Jina la nini? Tapeli ana jina? Mtu akiibiwa kuku hasemi nitafutie jina la mwizi halafu nitakwambia kama nilikuwa na kuku.

Nilitaka kukuamini. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka hata mimi, nikasema Swaumu umezidi. Lakini sikuishia hapo. Nikaenda kwa Abdalah nikatuma elfu moja kwenye ile namba, nione jina litakalotoka. Likatoka lako. NURUDINI SALUMU, herufi kubwa, wala halikukosewa hata herufi. Abdalah akaniuliza, shemeji, unamtumia mumeo elfu moja ya nini? Nikamwambia ya chumvi.

Haya, niambie tapeli gani huyo mwenye jina lako.

Jambo jingine. Bazilio anasema siku hizi mashati yako yamenyooka, una mkunjo kwenye mkono kama bwana harusi. Wewe pasi hujui kuishika. Ulipokuwa hapa ulichoma kanzu ya Idi ukailaumu pasi. Nani anakunyooshea?

Cherehani nimeipeleka kwa fundi Stanislaus, ina kasoro kidogo. Nakwambia mapema usije ukasikia ukashangaa.

Swaumu


Kibondo, 2 Mei 2013

Swaumu,

Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa nafikiri, na nikifikiri nakasirika.

Hilo la jina ni jepesi. Yule muuza laini alibaki na kopi ya kadi yangu. Alisajili laini nyingine kwa jina langu, na namba zetu mbili alikuwa nazo. Nimemuuliza mtu anayejua mambo hayo, kasema inafanyika kila siku. Shati nanyoosha kwa dobi. Umeridhika?

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Abdalah kanipigia. Anasema umetuma hela mara tatu, si elfu moja, ni hela za kueleweka, na ya mwisho ulikwenda kutuma kwa wakala mwingine ng'ambo ya soko ili yeye asikuone. Anasema siku hizi simu haikutoki mkononi, unaandika, unafuta, unaandika, na ukiulizwa unaificha kwenye khanga. Na cherehani haina kasoro yoyote. Stanislaus anashonea, na anawaambia watu kauziwa.

Ile cherehani nilikununulia mimi. Unamhonga nani? Mwanaume gani wa Kasulu analishwa na cherehani yangu? Mimi huku nalala juu ya marobota ya vitenge nikitafuta riziki, wewe huko unanichekea na mtu kwenye simu, halafu unaniandikia habari za laini ya tatu ili mimi ndiye nijione mkosaji. Mwizi hupiga kelele za mwizi.

Nijibu kwa barua hiyo hiyo unayoipenda. Usiponijibu nakuja, mvua isiwe mvua.

Nurudini


Kasulu, 6 Mei 2013

Nurudini Salumu,

Unataka kujua nani nimemhonga? Mke wako.

Sikutaka kukwambia, ndiyo maana barua zangu za Aprili hazikumtaja. Nilitaka yaishe kimyakimya, ukirudi unikute mimi peke yangu kama ulivyoniacha. Lakini umeniita malaya kwa maneno ya mzunguko, basi sasa ufungue masikio.

Anaitwa Nadine. Mrundi, alikuwa mkimbizi Mtabila, kambi ilipofungwa hakurudi kwao, akaja huko kwako Kibondo. Nilimwandikia mimi kwanza, siku ile ile ya meseji. Nilimwandikia: najua wewe ni mke mwenzangu, usijifiche. Nikarudi kukata gauni saa nzima. Halafu akajibu: "Nisamehe dada yangu. Sikutaka ujue hivi." Nurudini, nilikaa chini sakafuni. Mkasi ulikuwa bado uko mkononi.

Kila siku tangu hapo nimeishi naye. Nimemuuliza kama wewe bado unakoroma, kama unampikisha ugali wa muhogo, kama umemnunulia zile bangili nilizozitaka mimi. Kila kitu akajibu ndiyo dada. Nilikuwa nikisoma roho inaungua, na nikimaliza nataka nisome tena. Nikimwambia nataka kumpigia anasema usipige, yupo karibu, ataniua, andika tu. Nikamhurumia hata. Nikamchukia zaidi kwa sababu namhurumia.

Nikamwambia mimi miaka miwili sijashika mimba. Siku mbili baadaye akaniambia yeye anayo. Yako.

Sitakuficha nilichofanya. Nilimwambia arudi kwao Makamba, asikwambie kitu, akazalie huko. Akasema hana nauli wala hela ya kuanzia maisha. Nikauza cherehani. Nimemtumia hela zote, na tangu Alhamisi simu yake imezimwa. Ameondoka. Nimemwondoa.

Sasa njoo unipige talaka ukitaka. Lakini huyo hayupo tena.

Swaumu


Kibondo, 8 Mei 2013

Swaumu,

Bazilio anangoja, naandika nikiwa nimesimama.

Nadine simjui. Naapa tena. Lakini umesema ana mimba. Alisema ya miezi mingapi? Alisema lini? Alitaja mtaa, alitaja duka? Umemwambia mtu yeyote habari hii, baba yako, majirani? Usimwambie mtu.

Na wewe umewezaje? Uliamini kuna mtoto wangu tumboni mwa mtu. Mtoto wangu, Swaumu, ninayemwomba kila sala. Ukauza cherehani ili avushwe mpaka, mimi nisimjue, yeye asinijue. Nimekusoma mara nne nikitafuta mahali ulipojuta, sikupaona.

Alisema miezi mingapi? Nijibu hilo kwanza.

Nurudini


Kasulu, 20 Mei 2013

Mume wangu mpenzi Nurudini,

Leo salamu zote ni zako, hata zile nilizozibana tangu Aprili. Ikae barua hii mbali na wateja, maana nitalia ndani yake na nitajicheka.

Nimeingizwa mjini, mume wangu, nikiwa hapa hapa Kasulu.

Unamjua Pelagia anayeuza mawese, yule Mama Fidele, naye alitoka Burundi akakaa Mtabila miaka na miaka kabla hajapata uraia. Juzi alikuja kuchukua nguo yake akakuta hakuna cherehani, na mimi macho yamevimba. Nikamwambia yote. Ile simu ya Nadine ilikuwa imefufuka asubuhi hiyo hiyo, anasema amekwama mpakani, wanamdai, nimtumie kidogo tena. Nilikuwa nafikiria nikope.

Mama Fidele akasema nipe simu. Akamwandikia kwa Kirundi, akamsalimu, akamuuliza habari za njiani. Akamwandikia tena, akamuuliza Mtabila alikuwa akichukua posho kijiji cha ngapi. Hapo mtu yeyote wa kambi anajibu hata akiwa usingizini, ndivyo anavyosema Mama Fidele, maana kambi iligawanywa vijiji vyenye namba, na walikuwa wakiitwa kwa namba hiyo kila mwezi. Nadine akajibu: "Sista ongea Kiswahili bana, huo mlugha siuelewi, tuma mzigo nipo kwenye foleni."

Mama Fidele alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Akapiga. Aliyepokea alijisahau, akasema "haloo" na sauti ilikuwa ya mwanaume mzima, nyuma yake redio inatangaza mpira.

Tukakaa na simu tukasoma meseji zote kuanzia ya kwanza. Mama Fidele alikuwa akiniuliza hili alilijuaje, na kila mara jibu lilikuwa moja. Nilimwambia mimi. Neno mke mwenza, nilianza mimi. Kibondo, niliitaja mimi. Kukoroma, mimi. Ugali wa muhogo, mimi. Bangili, mimi. Kwamba sina mtoto, mimi, kwa mkono wangu. Yeye alikuwa akiitikia tu na kuongeza nauli. Hata Mtabila aliitaja baada ya mimi kumuuliza kama ni mmoja wa wale wa kambi. Umeniuliza mimba ya miezi mingapi. Mwanzo alisema mitatu, wiki iliyofuata akasema sita. Sikuona. Wivu ukishaniingia sihesabu.

Na ile haraka yake, na kunikataza kupiga, na kunikataza kukwambia wewe, vyote hivyo niliviona ni hila za mwanamke mwenzangu. Nilimwona mjanja, sikumwona mwongo.

Nisamehe. Nimekutuhumu mbele ya Bazilio, mbele ya Abdalah, nimekuandikia maneno ambayo mke hamwandikii mumewe. Nimeuza kitu ulichonipa. Na lile la mtoto, umesema hukupaona mahali nilipojuta. Ni kweli, nilikuwa sijajuta. Sasa nimejuta, ingawa mtoto mwenyewe hakuwapo. Kusema kweli hilo ndilo linalonitisha, kwamba nilikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Nakupigia magoti kwenye karatasi hii. Ukija utanikuta nimepiga kweli.

Mkeo asiye na akili,
Swaumu


Kibondo, 26 Mei 2013

Mke wangu kipenzi,

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa karatasi. Alhamdulillahi! Hujui umenitua mzigo gani. Nilisoma nikatoka nje nikanunua soda, nikampa na Bazilio moja.

Basi yaliyopita si ndwele. Cherehani nitakununulia nyingine, ya miguu, mpya kabisa. Na siku nyingine ukiona namba inayofanana na ya mtu wako, usitazame mwanzo wake, tazama mwisho. Usijibu kwa meseji, piga ile namba unayoijua siku zote. Akikuharakisha, ni mwizi. Akikwambia usimwambie mtu, ni mwizi. Mbona ni mambo mepesi? Nimemtuma mtu akaripoti polisi ile laini yenye jina langu.

Na kuanzia leo usisikilize habari yoyote ya Kibondo kutoka kwa mtu yeyote, awe Bazilio, awe nani. Watu wana vijicho, wanaona duka linasimama. Ukisikia neno, hata zito kiasi gani, jua ni wale wale.

Kwa hiyo hata ile mimba ilikuwa yake ya kubuni tu? Una hakika kabisa hakuna mtu mwingine aliyekuandikia, hata mara moja, mwanamke wa kweli? Nauliza kwa usalama wako.

Mwezi huu hela ya soko imebana, nitakuja ukikaribia mfungo.

Mumeo akupendaye,
Nurudini


Kasulu, 3 Juni 2013

Nurudini,

Nimefanya jambo ambalo labda hukulitegemea. Baada ya zile meseji, Mama Fidele aliniambia mtu akikudanganya usisome neno moja moja, panga yote chini usome kwa pamoja. Jana nimepanga barua zako kitandani, kuanzia ya Aprili.

Nilikuwa nazipanga kwa mapenzi. Nilitaka niione subira yako, nijiaibishe zaidi.

Umeapa mara mbili. Mara moja kwamba namba huijui, mara ya pili kwamba Nadine humjui. Ni kweli, huvijui vyote viwili. Lakini katika barua zote, hakuna mahali uliposema: Swaumu, mimi sina mke mwingine. Ni maneno machache tu hayo. Mume anayesingiziwa huanza nayo hata kabla ya salamu. Nimeyatafuta mbele na nyuma ya karatasi.

Barua ya kwanza nimekuuliza idadi ya laini, wewe ukaniuliza jina. Barua ya mimba ndiyo imeniua. Mwanaume asiye na mwanamke huko, akiambiwa mwanamke asiyemjua ana mimba yake, hucheka au hutukana. Wewe hukucheka. Ukauliza miezi mingapi, ukauliza tena mwishoni. Ulikuwa unahesabu. Ukanikataza nisimwambie mtu, ukaniharakisha nikujibu. Halafu juzi umenifundisha mwenyewe kwamba mtu wa namna hiyo ni mwizi.

Na nilipokuambia Nadine ni mwanaume na redio, ulinunua soda mbili. Nilidhani umefurahi kwa ajili yangu.

Leo wivu wangu umetulia, hata najiogopa. Nakuomba unijibu kama Nadine alivyokuwa akinijibu, moja kwa moja. Anaitwa nani, na mimba yake ni ya miezi mingapi?

Swaumu


Kibondo, 12 Juni 2013

Swaumu,

Anaitwa Nasma. Ana miezi mitano.

Ana mgahawa unaotazamana na duka. Tulifunga ndoa Desemba, kwa watu wanne tu. Kila mwisho wa mwezi nilipokuja Kasulu nilikuwa nimepanga kukwambia, na kila nikikuona unanitengea chakula ulimi unakuwa mzito. Mwisho nikaona bora nisije. Nilitaka mtoto, Swaumu. Sheria inaniruhusu, lakini najua sheria haikuniambia nifiche.

Uliponiandikia habari ya laini ya tatu nilijua ni yeye, kanunua laini anakuchokoza. Nilimnyang'anya simu siku ile ile, nikaifungia kwenye droo ya duka, imo humo mpaka leo. Akaapa kwamba hana hata namba yako, sikumwamini, na meseji zilipoendelea nikadhani kaficha simu nyingine. Uliposema mimba nikamwita mnafiki mbele ya wateja wake. Mpaka leo hatusemezani vizuri. Barua yako ya magoti ndiyo iliyonionyesha kwamba hakuwa na kosa, na nikafurahi kwamba yameisha bila wewe kujua. Hiyo soda ilikuwa ya hivyo, umesoma sawasawa.

Sina la kujitetea. Nikija utaniruhusu niingie?

Nurudini


Kasulu, 15 Juni 2013

Nurudini,

Usije Kasulu. Utanikuta Muyama kwa baba, na huko njoo na mtu mzima wa upande wenu. Nitakachokuomba mbele yao ni talaka yangu. Mzee Hamis hatakupigia kelele, nimeshamwomba.

Nisikuongopee, namwonea Nasma wivu. Nadine nilimwonea wivu wa kupiga kelele, huyu namwonea wivu wa kimya, na huu unauma zaidi. Naona mashati, naona mgahawa, nakuona wewe umekaa unakula. Naona tumbo. Simpendi na sitampenda. Lakini mke mwenza peke yake ningemstahimili, mama yangu alistahimili wawili. Ungeniambia Desemba ningelia, ningevunja sahani, halafu ningeuliza zamu zangu ni siku gani.

Linalonitoa ni tarehe ishirini Mei. Nilikuomba msamaha kwa kosa la kukudhania jambo ulilokuwa umelifanya. Ukaupokea. Ukanisamehe, ukaniahidi cherehani, ukanipa na mafundisho. Yule tapeli alichukua hela tu. Samahani zangu hakuzichukua, hakuwa na haja nazo. Wewe ulizichukua zote ukazitia mfukoni ukijua si zako.

Cherehani usininunulie. Stanislaus amekubali nimlipe kidogo kidogo kwa kumshonea mashati ya shule, nikimaliza ananirudishia.

Nina ombi moja. Yule mwanamke amenyang'anywa simu miezi miwili kwa neno langu mimi na la mwizi, na ameitwa mnafiki mbele ya watu akiwa na mimba. Sijui sura yake, na sitaki kuijua. Lakini hakukosa kitu. Leo, kabla hujafunga duka, fungua droo uvuke barabara, umwombe radhi mbele ya wateja wale wale. Mrudishie simu yake.

Swaumu binti Hamis